Miaka 259 ya namba moja: historia ya 2⁶⁷ − 1

Andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927, namba ya tarakimu 21. Mwaka 1644 ilitangazwa kuwa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1876 ilithibitishwa kwamba si tasa. Vigawo vyake havikujulikana hadi 1903. Husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mmoja mvumilivu aliyesimama mbele ya ubao, na kisa chenyewe ni kitamu, lakini kikisimuliwa hivyo jambo kubwa hupita bila kuonekana. Uzito wa historia hii uko katika ile miaka 27 ya kati ya 1876 na 1903. Katika miaka hiyo wanahisabati walikuwa na yakini kwamba namba hii inagawanyika, na papo hapo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Ndipo ilipodhihirika kwamba kujua namba ina vigawo, na kuvijua vigawo vyenyewe, ni maarifa mawili yasiyokwenda pamoja, na gharama zake hazilingani hata kidogo. Karne moja baadaye tofauti hiyo ikawa nguzo ya usalama wa mawasiliano. Ili kuona ilivyofika huko, inafaa kuanza pale namba za aina hii zilipoanza kutafutwa.

Kabla ya 1644: namba kamilifu na kanuni ya Fermat

Chanzo chake ni swali la Wagiriki ambalo halikuwa na faida yoyote sokoni. Namba 6 hugawanyika kwa 1, 2 na 3, na hizo tatu zikijumlishwa hurudi kuwa 6. Namba 28 hugawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Namba za namna hiyo waliziita kamilifu. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Alexandria alifunga kitabu cha tisa cha kazi yake kubwa kwa kuonyesha jinsi ya kuzipata: ukichukua kipeo chochote cha 2, ukatoa 1, na jibu likawa namba tasa, basi jibu hilo likizidishwa kwa kipeo cha 2 kinachotangulia huzaa namba kamilifu. Hivyo 2² − 1 ni 3, na 3 × 2 ni 6. 2³ − 1 ni 7, na 7 × 4 ni 28. Kuanzia hapo, aliyetaka namba kamilifu mpya hakuwa na njia nyingine ila kutafuta namba tasa za umbo la 2ⁿ − 1. Hiyo ndiyo sababu namba hizi, miongoni mwa namba zote ambazo mtu angeweza kuzichunguza, ziliandamwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Wagiriki waliishia kwenye namba kamilifu nne: 6, 28, 496 na 8,128. Wataalamu walioandika kwa Kiarabu waliivusha kazi hiyo mbele. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, alihisi kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hutokana na kanuni ya Euclid, jambo ambalo Leonhard Euler alikuja kulithibitisha katika karne ya 18. Karne mbili baada ya Ibn al-Haytham, Ibn Fallus aliorodhesha namba kumi alizoziona kamilifu, na saba za kwanza zilikuwa sahihi, mpaka 137,438,691,328. Ulaya ilifika hapo mwaka 1588, pale Pietro Cataldi wa Bologna alipothibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni namba tasa. Njia yake ilikuwa ya jasho tupu. Namba 2¹⁹ − 1 ni 524,287, na kipeuo chake cha pili kinazidi 724 kidogo tu, kwa hiyo ilitosha kuigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya 724. Namba hizo ni 128. Ni kazi ya kuchosha, lakini mtu mmoja huimaliza.

Cataldi hakuishia hapo. Alidai pia kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 vinatoa namba tasa, na safari hii alikuwa ameivuka mipaka ya hesabu aliyoweza kuifanya. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse aliyefanya hisabati nje ya kazi yake ya mahakama, aliandika barua iliyobadili uwanja wote. Alieleza kwamba kipeo n kisipokuwa tasa, 2ⁿ − 1 nayo haiwezi kuwa tasa. Na kipeo kikiwa namba tasa p, basi kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 lazima kizidi kigawe fulani cha 2p kwa 1. Mfano mdogo unatosha. Namba 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Namba 23 ni 22 na 1, na 89 ni 88 na 1. Kwa 2²³ − 1 kigawo cha kwanza kinachostahili kujaribiwa ni 47, na hicho hicho kinaigawa: 8,388,607 ni 47 × 178,481. Dai la Cataldi likaanguka kwa mgawanyo mmoja. Kipeo cha 37 nacho kilianguka, kwa kigawo 223. Kanuni ya Fermat ilipunguza sana idadi ya majaribio, ila haikubadili aina ya kazi. Kujua kama namba ni tasa bado kulimaanisha kutafuta kigawo chake, na asiyekipata hakuwa na la kusema mpaka amalize vyote vinavyowezekana.

1644: orodha ya Marin Mersenne

Barua ya Fermat ilikwenda Paris kwa Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimu. Huyu alikuwa kiungo cha wataalamu wa Ulaya nzima kabla hayajakuwepo majarida ya sayansi: alipokea barua, akazinakili, akazisambaza, akawashindanisha waandishi wake kwa maswali. Mwaka 1644, katika utangulizi wa kitabu chake Cogitata Physico-Mathematica, aliandika kwamba hadi kipeo cha 257, namba tasa za umbo hili zinapatikana kwa vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 peke yake. Hakuambatisha uthibitisho.

Mersenne asingeweza kuwa amezikagua namba hizo, na hilo halihitaji ubishi. Yeye mwenyewe alikiri katika kitabu hicho kwamba umri wote usingetosha kubaini kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa, ilhali namba yake ya mwisho ina tarakimu 78. Orodha yake ina makosa matano: iliweka 67 na 257 mahali pasipo pao, ikaacha 61, 89 na 107. Wako waliomtetea kwa kusema kwamba 67 ni kosa la chapa, na kwamba alikusudia 61. Utetezi huo unavutia, kwa kuwa unafuta makosa mawili kwa mpigo. Lakini hauelezi kukosekana kwa 89 na 107, wala kuwepo kwa 257. Kuna maelezo mengine yanayotokana na kuitazama orodha yenyewe: kila kipeo cha Mersenne kuanzia 13 kiko jirani kabisa na kipeo cha 2. Namba 13, 17 na 19 zinaizunguka 16. 31 iko mlangoni mwa 32. 67 inaizidi 64 kwa 3. 127 na 257 zinagusana na 128 na 256. Hii inafanana na kazi ya mtu aliyeona ruwaza kwenye namba ndogo akaifuata gizani. Ni dhana, si ushahidi, maana 61 nayo ipo jirani na 64 na hakuiweka. Hata hivyo inaeleza mengi kuliko kosa la chapa.

Kwa nini basi orodha iliyobahatishwa ikaheshimiwa kwa zaidi ya karne mbili? Kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuipinga kwa hoja. Fikiria kazi iliyokuwa ikimsubiri ambaye angetaka kuikagua 2⁶⁷ − 1 kwa njia ya kugawa. Kipeuo chake cha pili ni takriban 12,148,000,000. Kanuni ya Fermat inamruhusu kujaribu tu namba zinazozidi vigawe vya 134 kwa 1. Na kanuni nyingine, iliyokomaa mikononi mwa Euler, inasema kigawo tasa kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Baada ya uchujaji wote huo zinasalia kama namba milioni 45. Anayejaribu moja kila dakika, mchana na usiku, anahitaji zaidi ya miaka 80. Unaweza kupunguza kwa kuziacha zile zinazogawanyika kwa 3, 5, 7 na kuendelea, lakini hesabu bado inavuka uwezo wa mwanadamu. Mersenne alisema jambo ambalo enzi yake haikuwa na chombo cha kulipima.

Euler aliivuta njia ya kugawa hadi mwisho wa uwezo wake. Mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa, alithibitisha kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni namba tasa. Namba hiyo ilikaa zaidi ya miaka mia moja bila kupitwa na namba tasa kubwa zaidi ya umbo hili. Ili kusonga mbele ilihitajika fikra ya aina nyingine, wala si vichwa vyenye subira zaidi.

1876: Lucas anajibu bila kugawa

Édouard Lucas alizaliwa Amiens mwaka 1842, akafanya kazi kwenye kituo cha unajimu cha Paris, akawa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha mwalimu wa sekondari. Wengi wanamfahamu kwa mchezo wa Mnara wa Hanoi alioutoa mwaka 1883, ule wa kuhamisha sahani zenye tundu kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mchezo huo una undugu wa damu na habari hii: sahani zikiwa n, hatua zinazohitajika ni 2ⁿ − 1 kamili. Mnara wa sahani 67 ungehitaji hatua 147,573,952,589,676,412,927, na hata hatua moja kwa sekunde ingechukua zaidi ya miaka trilioni 4.

Alichogundua Lucas ni kipimo kisichotafuta kigawo. Kwa umbo ambalo Derrick Henry Lehmer alilinyoosha mwaka 1930, kinakwenda hivi. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima na ushike baki. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, ushike baki jipya. Kwa namba 2ᵖ − 1 rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa. Ijaribu kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1: kutoka 4 unapata 14, kisha 194 ambayo inabakiza 8, kisha 62 ambayo inabakiza 0. Namba 31 ni tasa. Ijaribu sasa kwa 2,047: baada ya hatua tisa baki ni 1,736. Kwa hiyo 2,047 si tasa. Lakini itazame hiyo 1,736 na uulize inakuambia nini kuhusu 23 na 89. Haikuambii neno. Kipimo kinatoa hukumu, hakitaji mhusika.

Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua zinazohitajika ni 65. Kila moja ni kuzidisha namba ya tarakimu kama 21 kwa yenyewe na kushika baki, kazi ya siku chache kwa mtu makini. Miaka 80 imegeuka kuwa siku. Mwaka 1876 Lucas alitangaza matokeo mawili kwa njia zake: kwamba 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39, ni tasa kama alivyodai Mersenne, na kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Ile ya kwanza ndiyo iliyompa sifa, nayo inabaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa kwa hesabu za mkono. Ya pili haikusherehekewa, ingawa kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba jambo jipya zaidi. Kwamba namba fulani ni tasa kunaweza kujulikana bila kuonyesha kitu, kwa sababu hakuna kitu cha kuonyesha. Lakini kusema kwamba namba inagawanyika, na usiweze kuonyesha inagawanyika kwa ngapi, ni dai ambalo karne nyingi za hisabati hazikulizoea.

Msomaji makini anaweza kupinga hapa. Je, tokeo la Lucas lilikuwa na uzito wa kweli? Aliyetaka kulihakiki alipaswa kurudia hatua zote 65, na kosa la tarakimu moja lingeharibu kila kilichofuata. Kwa kipimo hiki kosa huelekea upande mmoja: ukikosea, karibu kwa hakika hutapata 0, na hivyo utaihukumu namba kwamba si tasa. Hilo ni kweli, na linaeleza kwa nini tangazo lake lilipokelewa bila shangwe. Ila pingamizi hilo linaimarisha hoja yenyewe. Linaonyesha kwamba ushahidi wa Lucas na ushahidi wa vigawo ni vitu tofauti hata katika namna ya kuhakikiwa: wa kwanza hukaguliwa kwa kurudia kazi yote, wa pili hukaguliwa kwa kuzidisha mara moja.

Miaka miwili kabla ya Lucas, mwanauchumi na mwanamantiki wa Kiingereza William Stanley Jevons aliligusa jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Katika kitabu chake The Principles of Science cha 1874 aliuliza ni namba zipi mbili zikizidishwa hutoa 8,616,460,799, akaongeza kwamba huenda hakuna atakayejua isipokuwa yeye. Alikuwa ameona kwamba kuzidisha ni njia rahisi ya kwenda na ngumu ya kurudi. Vigawo hivyo, 89,681 na 96,079, vilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20 na Derrick Norman Lehmer, baba wa yule Lehmer wa 1930. Jevons alikosea kuhusu ukubwa wa namba, hakukosea kuhusu mwelekeo wa ugumu.

1903: Cole mbele ya ubao

Frank Nelson Cole alizaliwa Massachusetts mwaka 1861, akasoma Harvard, kisha Leipzig kwa Felix Klein, na kuanzia 1895 akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama hicho New York, aliwasilisha mada yenye kichwa cha kawaida kabisa, kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 2⁶⁷ kwa mkono, akatoa 1, kisha upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu mawili yalilingana. Akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi.

Msimulizi wa habari hiyo ni Eric Temple Bell, aliyeiandika karibu miaka 50 baadaye. Bell hakuwemo ukumbini. Wakati huo alikuwa kijana mwanafunzi California, na vitabu vyake vinajulikana kwa kupendelea simulizi tamu. Ndiye pia aliyesema kwamba alimuuliza Cole mwaka 1911 alitumia muda gani, akajibiwa kwamba ni Jumapili za miaka mitatu. Ni haki kuutilia shaka ukimya wa Cole na makofi ya ukumbi. Lakini tokeo lenyewe halitegemei kauli ya Bell. Makala ya Cole ilichapishwa katika jarida la chama mwaka huo huo, na kila msomaji anaweza kuzihakiki namba hizo leo kwa kalamu na karatasi. Vigawo vyote viwili vinatii sheria za Fermat na Euler: toa 1 kutoka 193,707,721, gawa kwa 134, upate 1,445,580 bila baki, na vikigawanywa kwa 8 kimoja kinabakiza 1, kingine 7. Ukaguzi wa haraka zaidi ni wa kujumlisha tarakimu: za kigawo cha kwanza ni 37, za cha pili ni 64, za namba yenyewe ni 109, na zote zikijumlishwa tena na tena huishia 1, kama inavyotakiwa. Kuzidisha kikamilifu kunachukua chini ya saa moja.

Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini kazi hiyo ilichukua miaka 27 tangu Lucas, ilhali kila mtu alijua kigawo kipo. Jibu liko kwenye ukubwa wa kigawo kidogo. Fermat na Euler walibahatika kukutana na namba zenye vigawo vya karibu: 47, 223, 233. Hapa kigawo kidogo ni karibu milioni 194. Hata mwaka 1909, Lehmer mkubwa alipochapisha jedwali lake mashuhuri la vigawo, lilikoma kwenye milioni 10. Namba tasa zenye umbo linaloruhusiwa na zilizo chini ya kigawo hicho ni takriban 80,000, na hata kuzitambua tu bila jedwali ni mzigo. Cole hakupita njia ya kuzijaribu moja baada ya nyingine. Alitumia mabaki ya miraba, yaani masharti yanayoonyesha ni namba zipi haziwezi kuwa kigawo, akayarundika masharti hayo hadi uwanja wa kutafutia ukawa mwembamba. Hata kwa ustadi huo, tofauti ya gharama inaonekana wazi. Kujua kwamba namba inagawanyika kulihitaji siku. Kuvipata vigawo kulihitaji miaka.

1883–1947: orodha yasahihishwa

Sehemu nyingine za orodha ya Mersenne zilianguka kwa kipimo cha Lucas. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa Kanisa la Orthodox huko Urusi, alionyesha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa. Mmarekani R. E. Powers aliongeza 89 mwaka 1911 na 107 mwaka 1914. Kipeo cha 257 kilihukumiwa katika miaka ya 1920 kwamba hakitoi namba tasa, na mwaka 1947 vipeo vyote hadi 257 vilikuwa vimekwisha kukaguliwa. Ilichukua miaka 303 kuisahihisha sentensi moja ya Mersenne. Muhimu ni kwamba karibu namba zote hizo kubwa zilihukumiwa bila vigawo, kwa mtindo wa Lucas. Kazi ya Cole ilibaki ya pekee kwa kuwa ilikwenda hadi mwisho.

1977 na baada yake: pengo linageuka chombo

Kompyuta zilipoingia, ilionekana kana kwamba pengo lingezibika. Januari 1952 Raphael Robinson aliendesha kipimo cha Lucas na Lehmer kwenye kompyuta ya SWAC kule Los Angeles, akapata namba mbili tasa mpya usiku wa kwanza. Leo simu ya kawaida inaweza kuvitaja vigawo vya Cole kabla hujainua kidole. Kwa sababu hiyo wapo wanaoiona hadithi ya 2⁶⁷ − 1 kuwa ya makumbusho: kazi ya miaka mitatu iliyofanywa bure kwa kukosa mashine. Pingamizi hili lina nguvu kuliko yote, na jibu lake ni hesabu. Mashine imeongeza kasi pande zote mbili, lakini haikuziongezea sawa. Upande wa kupima, mwaka 2024 ilithibitishwa kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, ni namba tasa. Upande wa vigawo, namba ngumu ya tarakimu 250 ilipovunjwa mwaka 2020 ilihitaji maelfu ya miaka ya kazi ya prosesa moja, iliyogawanywa kwa mashine nyingi. Upande mmoja umefika mamilioni ya tarakimu, mwingine unahema kwenye mamia. Pengo aliloliacha Lucas limepanuka.

Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa MIT ndio waliolifanya chombo mwaka 1977. Mhisabati wa Kiingereza Clifford Cocks alikuwa ameyafikia mawazo hayo hayo mwaka 1973, lakini alifanya kazi kwenye idara ya siri ya serikali na jambo halikutangazwa hadi 1997. Mfumo wa wale watatu wa MIT, unaoitwa RSA kwa herufi za majina yao, unahitaji namba mbili tasa kubwa, kisha unatangaza hadharani jibu la kuzizidisha. Yeyote anaweza kufunga ujumbe kwa namba iliyotangazwa. Kuufungua kunahitaji vigawo. Angalia jinsi mfumo unavyotegemea pande zote mbili za pengo. Kama kupima utasa kungekuwa kugumu, hakuna ambaye angeweza kupata namba tasa za kuanzia. Kama kutafuta vigawo kungekuwa rahisi, siri isingedumu. Ukurasa wa benki unapofunguliwa Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi cheti kinachothibitisha kwamba ukurasa ni wa benki kweli kimetiwa sahihi kwa namba ya tarakimu 617 ya namna hiyo.

Mwaka huo wa 1977 jarida la Scientific American lilichapisha namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Rivest alikisia muda mrefu kuliko umri wa dunia. Ilivunjwa Aprili 1994 na watu wa kujitolea wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao, kwa mbinu ambazo hazikuwepo namba ilipotolewa. Rivest alikosea kama Jevons alivyokosea, na kwa sababu ile ile: aliupima ugumu kwa mbinu za siku yake. Kwa hiyo ni lazima kusema wazi kwamba hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa kutafuta vigawo ni kugumu kwa asili. Upande wa kupima uthibitisho upo: mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walionyesha njia inayopima namba yoyote kwa muda usiolipuka kadiri tarakimu zinavyoongezeka, bila kubahatisha na bila kutegemea dhana isiyothibitishwa. Upande wa vigawo tuna uzoefu tu wa kushindwa. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye ukubwa wa kutosha ingevipata vigawo haraka, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vyake vya kwanza vya kufunga siri vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta ya namna hiyo. Pengo linaweza kuzibwa. Litakapozibwa, itakuwa kwa fikra mpya, kama aliyokuja nayo Lucas.

Kwa sasa liko wazi, na lina namba yake. Miongoni mwa namba 2ᵖ − 1 zenye kipeo tasa lakini zenyewe si tasa, ndogo kuliko zote ambayo haijapatikana kigawo hata kimoja ni 2¹²⁷⁷ − 1, yenye tarakimu 385. Kwamba si tasa kunajulikana tangu kazi ya Robinson kwenye SWAC. Watu wa kujitolea wanaendelea kuitafutia vigawo kwa mbinu ya mikunjo ya duaradufu iliyobuniwa na Hendrik Lenstra katika miaka ya 1980, na kigawo chochote watakachokipata, kama kipo cha ukubwa unaofikika kwa mbinu hiyo, kitakuwa kinazidi kigawe cha 2,554 kwa 1.